Nani Ataongozana na Sila

Benchi langu la kahawa ni mataruma mawili ya chuma yaliyopinda, ambayo Wadachi waliyatupa reli ilipofika Dodoma mwaka juzi. Jua likipanda yanachoma makalio, lakini watu hawaondoki. Mimi Halfani nimesikia upuuzi mwingi hapa, ila ule wa Jumamosi ile ulinichosha roho. Sila alikuja saa nne asubuhi akivuta mtamba kwa kamba. Mwaka jana alicheza dadu nyuma ya ghala la reli mpaka ng'ombe wake watatu wakaisha, na mkewe Anyesi akarudi kwao na mtoto. Sasa alikuwa na siku thelathini na sita hajagusa dadu. Baba mkwe alikuwa amempa neno moja: alete mtamba kabla ya jua kuzama leo, amchukue mkewe, asipoleta, Anyesi ataozwa kwingine. Kwa wakwe ni ng'ambo ya reli, na kivuko ni kimoja tu, pale pale ghalani. Ukivukia pengine, askari wa boma anakulaza chini kwa kiboko. Sila akamfunga mtamba kwenye benchi, akasema miguu inamkatalia kwenda peke yake. Aliomba kitu kimoja tu, mtu wa kuongozana naye.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bartolomayo, anayesoma darasa la ubatizo kule misheni. Tunamwita Mwalimu Amina.

— Kuongozana ni kazi ndogo. Kwanza ujue dadu zilitoka wapi. Wale askari waliopigia kura nguo ya Bwana msalabani, unadhani dadu zao zilikwenda wapi?

— Zilikwenda wapi? nikamuuliza.

— Zinazunguka dunia. Hizi za ghalani ni wajukuu wa zile. Akipita aseme sala saba bila kupumua, amina.

— Dadu hazizai, Bartolomayo.

— Shetani anazizalisha.

Athuman akacheka ndani ya kikombe. Huyu ni muuza tumbaku wa kutoka Kolo, jina lake hapa ni Hirizi.

— Huyu kijana amefika siku thelathini na sita kwa kombe langu. Niliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaziosha, akanywa. Dadu moja ina matundu ishirini na moja, na kila tundu lina jini wake. Kombe moja hufunga majini watatu.

— Kwa hiyo bado makombe sita, nikasema. Na kuvuka ni leo.

— Usiingilie mambo ya dini, Halfani. Wewe mimina kahawa.

Nikamimina. Sila akasema taratibu:

— Wazee, jua linakwenda. Nani anakuja nami?

— Tunakuja, wakajibu wote watatu, na hakuna aliyeinua hata kisigino.

Wa tatu ni Matonya wa Mvua. Mjomba wake aliwahi kuomba mvua ikanyesha, na yeye akarithi majivuno.

— Nyote mnababaisha. Kosa ni hiki chuma tulichokalia. Wadachi walipitisha reli juu ya makaburi ya wazee wetu, sasa bahati za watu zinateleza juu yake kwenda pwani. Ya Sila naona imeshafika Morogoro.

— Na dawa yake?

— Gari moshi lirudi kinyumenyume kutoka Dar es Salaam. Kila stesheni lishushe bahati za watu wa pale.

— Nani atamwambia dereva?

— Hiyo ni kazi ya boma. Mimi nimetoa dawa.

Ikaingia adhuhuri, ikapita. Nilikuwa na birika la tatu jikoni, na wale wanaume walikuwa wamehamia kwenye swali la nani hasa aliyemponya Sila. Bartolomayo alisema ni sala. Athuman alisema ni kombe. Matonya alisema ni kondoo mweusi aliyemchinja kaburini kwa baba yake Sila, ingawa nyama yote aliila yeye.

— Leo tutajua, alisema Athuman. Akivuka salama akiwa na kombe langu tumboni, mtakiri. Naweka mzigo mmoja wa tumbaku.

— Mimi naweka beberu, alisema Bartolomayo. Kwa utukufu wa Mungu.

— Mimi nasema havuki, alisema Matonya. Bahati yake iko Morogoro. Naweka majembe mawili.

Sikuamini masikio yangu. Nikawaambia wameketi mbele ya mtu anayejitoa kwenye kamari, na wanamchezea yeye mwenyewe kamari, tena kwa jina la Mungu. Wakaniambia hii si kamari, hii ni kupima imani.

Ndipo Sila akainua uso. Macho yake yalikuwa yamechangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Na mimi naweza kuweka?

Alikuwa ameshaishika kamba ya mtamba, anaifungua, na na mkono wa kulia anautikisa kama una dadu ndani.

Hapo tukasikia mtu anapiga hodi nyuma yetu. Alikuwa Mama Raheli, mama yake Anyesi, vumbi mpaka magotini. Sila akaruka akajificha upande wa pili wa ng'ombe, kwa kuwa kwao Wagogo mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawafuatani njiani, wala mama hamtaji mkwe jina.

— Shikamoo, mama, nikasema.

— Marahaba. Tumengoja tangu asubuhi. Nani anakwenda naye?

Bartolomayo alitazama kikombe chake. Athuman alitazama tumbaku yake. Matonya alijikuna goti. Mimi nilitazama birika, nalo lilikuwa tupu, kwa hiyo hata mimi sikuwa na sababu ya kubaki.

Mama Raheli akafumba macho palepale.

— Mungu Baba, mimi ni mtu mzima na hii ni aibu. Nivushe nayo.

Akatuambia sisi, bila kumtazama Sila:

— Mwambieni mwenye ng'ombe ashike kamba atangulie. Nitakuwa nyuma.

Wakaenda hivyo, Sila mbele, mtamba katikati, mama mkwe nyuma na uso chini. Walipofika usawa wa ghala tukasikia sauti ya mtu:

— Sila, njoo bwana, nafasi yako ipo.

Sila akasimama. Mtamba naye akasimama. Niliona aibu ya kuketi, nikasimama na mimi, wakati ambao haukumfaa mtu yeyote.

— Sila, mwanangu, twende.

Mama Raheli alilitaja jina kwa sauti kubwa, hadharani, mpaka wachezaji wa ghalani wakatoka kuangalia ni mwanamke gani. Sila akavuta kamba, wakavuka.