Funguo za Nyumba Saba

Sogeeni wanangu, na wewe mke wa mwanangu mkubwa, weka hilo bakuli chini, uji utasubiri. Msinikatize, pumzi imeniishia. Kitinda mimba, acha kulia, sijafa bado.

Mnasema vita vilianza siku mizinga ilipolia. Si kweli. Vilianza pale bombani, foleni moja ilipogeuka mbili, yetu na yao, tukaona ni utani tu. Vikakolea redioni, walipoanza kuitwa wageni kwenye mji walimozaliwa, nami nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bunduki zilikuja baadaye.

Kazi yangu mnaijua. Kila kitasa nilichofunga mtaa huu nilikichongea ufunguo wa ziada, nikautundika ukutani kibandani na kibati chenye namba ya nyumba, ili mwenyewe akipoteza wake asivunje mlango. Watu waliniamini, nami nilijivuna kweli. Ndipo vijana wa upande wetu wakaja na orodha, wakasema, toa funguo za nyumba saba au tuanze na wanao. Nilizitungua kwa mkono huu. Hata ule mmoja ulioota kutu niliupaka mafuta, kwa mazoea ya kazi, usije ukawasumbua.

Ulikuwa wa kwenu, mkwe wangu, mwanangu. Siku ile ulikuwa kwa shangazi yako, na miaka yote hii unauliza wauaji waliingiaje bila kuvunja mlango, na baba yako, fundi cherehani, alikuwa hafungulii mtu. Nikakujibu, labda alisahau kufunga. Nilimsingizia marehemu uzembe, kisha nikala chakula cha mkono wako. Niliogopa utatuacha. Nakupenda, na hilo nalo ni kweli.

Sikilizeni. Nyumba ya baba yake huyu, tuliyoifanya ghala, ni yake. Toeni vyuma vyetu leo. Wa zile nyumba sita akirudi yeyote kuuliza, mwambieni yote, msiishie kwenye kulazimishwa, semeni na yale mafuta. Na wajukuu wangu wakianza kusema 'wale', waulizeni hapo hapo, wale kina nani?

Nipeni maji… basi, yatosha.

Mbona umesimama, mwanangu? Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Mkubwa, usimshike mkeo mkono. Ukimzuia, huna radhi yangu. Akirudi, mpokee… asiporudi, usimtafutie kosa. Mungu awape… awape ninyi, na yeye kwanza… Sogea, baba. Mpishe apite.