Mama Plasta: Aliwarudisha, Kisha Akawafuata

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa fundi wa reli, mtu wa soga na vicheko. Mama yake alikuwa mshonaji.

Vita vilimkuta akiwa na miaka tisa. Kwa siku nne alijificha na mdogo wake chini ya meza ya cherehani, akihesabu. Risasi zikinyamaza alianza moja, na akifika mia bila mlio, mama yao aliwaruhusu kunyoosha miguu. Kisha wakatembea siku kumi na moja hadi kambini. Huko kambini baba yake, ambaye hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, alianza kumpiga. Majirani wa hema la pili walisema, "Mwacheni, yule ameona mengi." Naye bibi yetu alimfuta binti yake machozi akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Huyu afadhali namjua." Maneno hayo yalimwingia marehemu yakakaa.

Alisoma kwa kuchelewa, akamaliza darasa la saba mwaka 1978. Darasani hakukubali kuketi pengine ila karibu na mlango. Mwalimu alimhamishia dirishani mara tatu, naye mara tatu akarudi, mpaka mwalimu akasalimu amri: "Haya, kaa hapo hapo, uwe bawabu wetu."

Baada ya mafunzo ya miaka miwili aliajiriwa hospitalini, Februari 1983, katika chumba cha plasta. Alifanya kazi humo miaka thelathini na mitatu, na ndiko alikopata jina la Mama Plasta. Mikono yake ilikuwa myepesi. Alilowesha bandeji kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, akaikamua, akaizungusha juu ya pamba, na mgonjwa akija kushtuka mkono umeshafungwa. Lakini wanawake waliokuja na picha za eksirei wakisema wameteleza bafuni, aliwauliza maswali matatu: "Nyumba imechomwa? Watoto wamekula? Mumeo yupo?" Wakijibu, aliwaambia, "Basi hujaona vita. Rudi kwako." Hakuyasema kwa ukatili. Aliamini anawafariji.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na karani wa shule, baba yetu. Mwezi wa kwanza wa ndoa baba alimwona akishtuka kila anaposogeza kiti, akamuuliza, "Mke wangu, una nini?" Akajibu, "Nakusubiri uanze." "Nianze nini?" Baba hakuanza kamwe, wala mama hakuona kuwa hiyo ni haki yake. Aliiita bahati, na bahati aliichungulia kila siku kama sufuria ya maziwa jikoni. Walihama nyumba saba, kwa sababu kila nyumba mama aliigundua ina mlango mmoja tu wa kutokea. Walijaliwa watoto watatu.

Binti yao wa kwanza, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, aliolewa mwaka 2007. Mwaka 2011 alikwenda chumba cha plasta akiwa amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mama alimfunga, akamuuliza maswali yake matatu, akamrudisha kwa mumewe.

Novemba 2014 binti alirudi na mkono uleule, safari hii akiwa na mwanawe wa kike wa miaka sita. Plasta ilikuwa nusu, muuguzi akaangusha sinia la vyuma. Mtoto hakulia. Aliingia chini ya meza, akaziba masikio, midomo ikicheza. Mama aliinama, mikono imejaa chokaa.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Nahesabu."

"Kwa nini?"

"Nikifika mia huwa wameshanyamaza."

Mama aliketi sakafuni pale pale. Plasta ilikauka vibaya ikabidi ikatwe kwa msumeno na kuanzwa upya, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alipomaliza alimwambia binti yake, "Hurudi. Nilikosea, na nimekosea kwa wengi." Mchana huo alikwenda mwenyewe kuchukua nguo za mtoto. Miezi mitano baadaye alisimama mahakamani katika kesi ya mkwe wake akaeleza mivunjiko yote miwili, tarehe kwa tarehe, na yeye mwenyewe alichomwambia binti yake mara ya kwanza.

Alistaafu mwaka 2016, asipumzike. Alianza kuwatafuta wanawake aliowarudisha. Sura za kumi na mmoja hazikumtoka kichwani, aliwapata sita. Wawili walimkaribisha ndani. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine, muuza vitambaa, alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja kitambaa chake, akasema, "Mama, siku ile nilikuja kwako nisikie neno moja tu." Mama alirudi nyumbani akazunguka uani mpaka baba akamshika mkono. Kesho yake alitoka tena.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata kwenye kiti kile aliomba kigeuzwe auone mlango. Mwezi uliopita mdogo wake alishauri mambo ya ndani yasisomwe makaburini. Mama akamkatiza: "Msinipambe. Wapo watakaokuja kunizika niliowarudisha, na wao wanajua. Semeni." Leo Mjomba ndiye aliyenishikia karatasi ya pili ya maneno haya. Mama aliaga dunia Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, baba akiwa kando yake.

Ameacha mume, mdogo wake mmoja, watoto watatu na wajukuu wanne. Ameacha pia wanawake watano ambao hakuwapata. Kama mmoja wenu yuko hapa, familia inaomba uje mbele pamoja nasi kutia udongo. Na kama huwezi, tunakuelewa.

Mungu ampe mama yetu utulivu ambao hapa duniani hakuupata.