Kabati la Nakshi la Bi. Mwanasha

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Mwanasha Ridhaa anastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Sauti kwa miaka thelathini na mitatu na miezi tisa. Hiyo miezi tisa ameniamuru niitaje. Yeye si mtu wa kuacha kitu kidogo kipotee.

Aliajiriwa Septemba 1991 kama karani wa kanda. Alipewa meza ya dirishani katika ghorofa yetu ya nne, nyuma ya Mtaa wa Biashara, pamoja na kinasa sauti kizito ajifunze kukitumia. Kazi ilikuwa kuandika lebo: taarab huku, benga kule, nyimbo za dini kando. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanzisha kabati lake mwenyewe, na humo nyimbo hazikupangwa kwa aina. Zilipangwa kwa nakshi.

Kwa wageni wetu, nifafanue. Bi. Mwanasha ni binti wa mshona kofia wa Lamu. Alikua akitazama sindano ya mama yake ikizunguka vitobo vya kofia za viua, na alipoanza kusikiliza kanda zetu alisikia mambo yale yale. Kuna mwimbaji anayekwenda moja kwa moja hadi mwisho wa mstari, na kuna anayezunguka, anayetetemesha sauti, anayerudi nyuma hatua mbili kabla ya kufika. Hao wa pili ndio aliowawinda maisha yake yote ya kazi. Kila wimbo aliupa kadi, na kwenye kadi akachora kwa kalamu za rangi njia ya sauti, mshono kwa mshono.

Uwindaji huo ulimfikisha kila mahali. Bwana Amarjit, muuza vitambaa wa Mtaa wa Biashara, alikuwa na tabia ya kuimba chinichini tenzi za gurdwara, hekalu la Masingasinga, huku akipima kitambaa. Bi. Mwanasha alimpimisha mita zile zile mara tatu ili asinyamaze. Alinunua mapazia ambayo hakuyahitaji, na ndiyo haya ya kijani yanayotukinga jua hadi leo. Wiki iliyofuata Bwana Amarjit alipanda ngazi zetu na kinanda chake cha mkono.

Jumamosi nyingine alitoka kwake Riruta kwenda Dagoretti kununua nyama, akamkuta mzee mmoja, Mzee Nduhiu, akipiga kinanda cha kodiani nje ya bucha. Alikimbia ofisini kuchukua kinasa sauti, akarudi, akanasa nyimbo sita, akaileta kanda ofisini na kwenda zake nyumbani kwa furaha. Kilo mbili za nyama alizisahau chini ya meza. Jumatatu jengo zima lilijua.

Faida ya kabati hilo ilionekana taratibu. Mpiga gitaa wa Kabiria alikuja kutafuta benga ya zamani, akaondoka na kadi ya Bwana Amarjit, na leo gitaa lake lina mtetemo ambao wenzake wanauiga bila kujua asili yake. Wasanii wa kufokafoka nao walimzoea. Mmoja, baada ya kusikilizishwa vidole vya Mzee Nduhiu vikikimbia kama ulimi wake mwenyewe, aliniambia, "Huyu mathe ako na masikio hatari." Ni sifa bora kuliko nyingi nilizoandika hapa.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupavuka, lakini nikifanya hivyo wasifu huu utakuwa wa uongo.

Mwaka 2019 tuliamua kuhamishia kanda zote kwenye kompyuta. Mimi, Munyiva, ndimi niliyekuwa msimamizi. Mafundi walileta programu ya kusafisha sauti, na nakala za kwanza zilinivutia sana: hakuna mkwaruzo, hakuna mvumo. Nikatia sahihi. Kanda asilia zingeharibiwa ili tupate nafasi, na boksi la kwanza, lenye kanda arobaini na moja, likaondoka Jumatatu. Yaliyobaki yangefuata Ijumaa.

Jumatano Bi. Mwanasha alivaa vipokea sauti asikilize kazi yangu. Baada ya dakika tano alivivua, akafunga stoo, akautia ufunguo kwenye mkoba na kukaa juu ya mkoba. Programu ilikuwa imedhani nakshi ni kelele. Kila mtetemo ulikuwa umenyooshwa, kila mzunguko umekatwa. Nilibishana naye, naona aibu kusema, kwa sababu mimi sikusikia tofauti.

Yeye alimwita Bwana Amarjit na meneja wetu, Bi. Debra, akatuchezea nakala. Bwana Amarjit alisikiliza sauti yake hadi mwisho, kisha akasema kwa huzuni, "Hii ni mimi, lakini imepigwa pasi." Siku hiyo hiyo Bi. Debra alisimamisha kazi. Tukaanza upya, na kwa miaka mitatu Bi. Mwanasha aliketi kando ya mashine, kadi mkononi, akakagua kanda elfu mbili mia tatu na kumi na sita, moja baada ya nyingine. Zote zipo na nakshi zake zote. Hilo ndilo jambo kubwa zaidi lililowahi kufanywa katika maktaba hii, na limefanywa na yeye.

Zile arobaini na moja hazikurudi. Hakuwahi kunilaumu, nami sikuwahi kuuliza zilikuwa na nini.

Mwezi uliopita, nikitafuta habari za kuandika hapa, nilifungua kabati lake na kutoa kadi namba moja. Imeandikwa Septemba 1991, Riruta: mama yake, aliyekuja kumtembelea, akiimba huku anashona kofia. Bi. Mwanasha alikuwa anajaribu kinasa sauti alichopewa. Hakumrekodi tena, na mama alifariki mwaka 1996. Nililinganisha namba na orodha niliyoitia sahihi. Kanda namba moja ilikuwa ndani ya boksi la Jumatatu.

Nilimwendea nikiwa na kadi mkononi, nikamnyooshea. Kwa miaka sita alikuwa ameninyamazia ili nisiumie. Aliichukua kadi, akaweka kidole kwenye mshono wa kwanza na kuanza kuimba, kidole kikifuata rangi, kikizunguka pale mama alipozunguka, kikirudi pale aliporudi. Nikamwomba asubiri. Nikaleta kinasa sauti, akaanza tena, na safari hii hata mimi nilisikia.

Kanda namba moja imerudi mahali pake. Ina honi za barabarani, ina mlio wa kiti, na kuna mtu anapenga kamasi, ambaye ni mimi. Hatujaisafisha.

Asante, Bi. Mwanasha, kwa masikio yako na kwa moyo wako. Nenda Riruta ukapumzike, na siku zako zisinyooke sana. Ufunguo wa stoo tunao, na tutaukalia.