Bwanaheri Hatoki Kaburini Mpaka Valeriani Avuke

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu ameisikia pantoni ikivuka tangu asubuhi? Hakuna, na mimi Ildefonce, mtoto wa mdogo wake marehemu, nimeambiwa nisome polepole ili muda upite, basi nitasoma, ingawa wingu lile la milimani halina mpango wa kutusubiri.

Marehemu Marselino Severini alizaliwa Kiberege mwaka 1899, akasoma shule ya misheni miaka miwili, akaiacha mwaka 1911 akisema kasia halina mtihani, na mimi niliyefaulu mitihani yote, with credit, hadi leo sina kazi.

Kuanzia mwaka 1919 alisafirisha mpunga kwa mtumbwi, yeye nyuma, rafiki yake Valeriani mbele, na katikati Bwanaheri, mtoto wa duka, akilinda mizigo na kuwatukana wote wawili, maana walikuwa watani, na mtani hadaiwi adabu. Tarehe 12 Agosti 1923 alifunga ndoa na Mama Apolonia hapa Ifakara, wakajaliwa watoto watano, watatu wako hai.

Mwaka 1931 Valeriani alihamia ng'ambo, upande wa Mahenge, wakapoteana hadi sikukuu ya Petro na Paulo, tarehe 29 Juni 1958, aliporudi na mvi zake, na wazee hao watatu, wanaume wazima wenye wajukuu, wakajipakia mtumbwini, kila mmoja akidai kukaa nyuma aongoze, mtumbwi ukazunguka, ukapinduka kwenye maji ya magotini, Mama Apolonia akawaburuta mmoja mmoja wakicheka kama wendawazimu, na papo hapo wakaapa kwamba atakayetangulia, wawili watakaobaki wataingia kaburini pamoja wafanye utani wao, wala asizikwe kabla.

Marehemu alianza kuugua kifua Februari mwaka huu, akalazwa, akafariki jana, Alhamisi tarehe 16 Aprili 1959, saa nne asubuhi.

Sasa mnaona wenyewe, Mzee Bwanaheri, shikamoo huko chini, amekaa kaburini tangu saa mbili, maji yamemfika vifundoni, na tukimsihi atoke anafoka, "Nitoke nimwache mpumbavu huyu alale peke yake? Mleteni kwanza mpumbavu mwenzangu!", naye mwenzake yuko ng'ambo, kijana wetu Tadei, tuliyemtuma mtoni, ametoka kumwona akipunga shati, mitumbwi haithubutu mafuriko haya, na mvua ikifika, kuta za kaburi zitaporomoka mzee akiwamo ndani.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomuuguza, majirani waliopika, na wapiga kasia wenzake waliochimba. Baba mkubwa, upumzike, ukipewa nafasi.

Na wewe Bwana Karani wa pantoni, uliyesimama pale nyuma na mwavuli, umeifunga pantoni kwa kuwa gari la bwana mkubwa huenda likapita leo, perhaps, na wali wa msiba umeula, na kila ukijigeuza tunausikia ufunguo mfukoni mwako. Toa ufunguo.