Msikilizeni Mpaka Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasomea watu vitabu, Shangazi anastaafu Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu. Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike jambo zuri na fupi. Zuri nitaandika. Ufupi wawaombe wengine, maana mimi ndiye fundi sauti niliyekaa upande wa pili wa kioo chake tangu enzi za kaseti, na nina mengi moyoni.

Kwanza hilo jina. Humu ndani Shangazi ni shangazi wa kweli wa mtu mmoja tu, mhasibu wetu, ambaye ni mtoto wa kaka yake. Siku ya kwanza kazini kijana alimwamkia shikamoo shangazi kwenye korido, kwa sauti, na jina likashika jengo zima. Hata mkurugenzi, ambaye amemzidi umri, anamwita Shangazi, naye anaitika bila haya.

Hakuja hapa kuomba kazi. Alikuja kurudisha kaseti. Alikuwa amemnunulia mama yake, ambaye macho yalikuwa hayaoni tena, na msomaji wetu wa wakati ule alikuwa anameza maneno. Alipoambiwa kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi, Shangazi alivuta kiti pale mapokezi akaanza kuisoma hadithi yenyewe kwa sauti, mbele ya wateja, ili tusikie inavyotakiwa kusomwa. Mkurugenzi alitoka ofisini kwake kuja kutuliza fujo, akajikuta amesimama mlangoni mpaka ukurasa umeisha. Jumatatu iliyofuata Shangazi alianza kazi, na ile kaseti mbovu anayo hadi leo.

Kufanya naye kazi kunataka roho ngumu. Bangili zake huzivua na kuziweka kwenye kikombe, halafu anasahau na kumimina chai. Feni lazima izimwe, kwa hiyo tunachemka sote. Tumbo likinguruma na kipaza sauti kikanasa, atakuapia kwamba ni tumbo la fundi. Akikosea neno harudii sentensi, anarudia ukurasa mzima, kwa madai kwamba hasira ya mhusika imeshapoa. Nimewahi kugoma. Nilikaa korido kwa muda, nikarudi, nikamkuta amenisubiri na ukurasa ni ule ule.

Kaseti zikafa, sidii nazo zikafuata, tukahamia kwenye simu. Hapo ndipo tulipokutana na mtu ambaye hapa ofisini tunamwita Mwenye Mlango, yaani mwenye lile duka la programu ambalo simu yote inategemea. Kila msikilizaji anayenunua kitabu ndani ya programu yetu, Mwenye Mlango anakata karibu theluthi ya bei. Ikabidi bei ya kwenye simu iwe juu kuliko ya hapa kaunta na ya kwenye tovuti yetu. Basi tukasema tutawaeleza wateja. Kumbe kueleza ndiko kulikokatazwa! Kanuni zake zilituzuia kumwambia mteja wetu, ndani ya programu yetu wenyewe, kwamba kitabu kile kile kinapatikana kwingine kwa bei nafuu.

Msidhani natia chumvi. Kuna toleo jipya la programu yetu lililokataliwa kwa sababu ya picha ya ofisi. Kwenye picha kilionekana kibao cha mlangoni, na kwenye kibao kulikuwa na namba ya simu, ambayo walisema inamwelekeza mteja akanunue kwingine. Tulipiga picha nyingine, mkurugenzi akiwa amesimama mbele ya kibao kuziba namba, na kwa wanaomfahamu umbo lake, namba ilizibika vizuri. Sisi tulicheka mpaka machozi. Shangazi hakucheka, alikaa kimya, na Shangazi akikaa kimya ujue kuna kitu kinapikwa.

Alizisoma kanuni zile zote, akaona zinataja maandishi, vitufe, picha na viungo vya tovuti. Sauti hazikutajwa popote. Kesho yake alipomaliza sura ya mwisho ya kitabu tulichokuwa tunarekodi, alinipa ishara nisizime mtambo, akavuta pumzi, akasema: "Umenisikiliza mpaka mwisho, ahsante sana. Sasa nikwambie. Kitabu hiki ni nafuu zaidi ofisini kwetu na kwenye tovuti yetu. Ile nyongeza unayolipa kwenye simu, sisi haitufikii." Ruhusa ya mkurugenzi aliiomba kwa utaratibu wake, yaani baada ya kuweka sentensi hiyo kwenye kila kitabu.

Watu wakaanza kuja. Fundi cherehani mmoja aliingia na futi yake shingoni, akasema ametumwa na yule mama wa mwisho wa kitabu. Wauguzi wakaja, madereva wa malori wakaja. Kaunta yetu, ambayo tulikuwa tumeanza kuiwekea maboksi, ikabidi isafishwe upya.

Halafu Mwenye Mlango akafungua huduma yake mwenyewe ya vitabu vya sauti. Simu mpya zikawa zinatoka kiwandani nayo ndani. Ukiandika jina la kampuni yetu kwenye duka lake, ya kwake inatangulia na sisi tunafuata chini huko. Yeye hajikati theluthi, kwa hiyo bei yake sisi hatuiwezi hata tukifunga mikanda. Anakutoza kodi ya mlango, kisha anafungua genge lake hapo hapo mlangoni! Tulipeleka malalamiko kwenye tume inayosimamia ushindani wa biashara. Siku chache baadaye programu yetu ikaondolewa dukani, na sababu tuliyopewa ni ile sentensi ya Shangazi.

Tulikutana wote ndani ya chumba cha kurekodia, tukiwa tumebanana kwenye zulia. Masharti ya kurudishwa yalikuwa mawili: tukate sentensi ile kwenye vitabu vyote, na tufute malalamiko. Mhasibu alisimama akasema bila kuzunguka kwamba mishahara ipo ya mwezi mmoja tu. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na shangazi yake ndiye aliyempa mtoto huyo jina.

Nimemwona Shangazi akilia kwa kazi mara nyingi, maana hadithi za huzuni huzisoma na machozi yake mwenyewe. Siku ile alilia kwa hofu. Alisema anaogopa, tena sana, na kwamba usiku hapati usingizi akiwafikiria watoto wa watu. Kisha akajifuta na kusema kwamba kosa, kama ni kosa, ni la kwake peke yake, kwa hiyo wamwandikie Mwenye Mlango kuwa mhusika amefukuzwa, na yeye ataondoka leo leo. Ila sentensi haikatwi, kwa sababu ni kweli. Chumba kizima kikamgeukia mkurugenzi. Mzee alikunja yale masharti, akayatia mfukoni, akasema hafukuzwi mtu hapa, na kama ni kufa njaa basi tutakufa tukiwa tumeajiriwa. Mhasibu alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mwokozi wetu alikuwa wifi yake Shangazi. Alikuwa amenunua simu mpya, akapiga kumpa hongera kwa kupata kazi kwa matajiri na kumlaumu kwa kuwaficha ndugu. Shangazi akamuuliza kazi gani tena hiyo. Wifi akasema si anamsikia kila siku kwenye ile huduma iliyokuja na simu? Akaongeza, kwa wasiwasi, kwamba si vizuri kuwasema waajiri wapya namna ile mwishoni mwa kitabu.

Ikajulikana kwamba wakala mwenye haki za hadithi za zamani, ambaye mkataba ulimruhusu, aliziuza rekodi zetu. Mwenye Mlango alizinunua, akazipanga kwenye rafu yake ya juu, na katika jumba lake lote lenye wataalamu hakuna aliyesikiliza mpaka mwisho. Sauti ni ile ile, kitabu kile kile, sentensi ile ile. Yetu ilifungiwa. Ya kwake ilikuwa hewani wiki zote hizo.

Mbele ya tume, wakili wa Mwenye Mlango alieleza kwa ufasaha kwamba maneno ya aina ile ni hatari kwa wateja, na kwamba programu yoyote inayoyabeba huondolewa mara moja, bila upendeleo. Hayo maneno, bila upendeleo, aliyatamka mara kadhaa, naye wakili wetu akamwachia aendelee. Alipokaa, wakili wetu alifungua boksi la simu mpya mbele ya wote, akaiwasha, akaingia kwenye huduma iliyokuja nayo, akabonyeza dakika ya mwisho ya kitabu. Ukumbi ukamsikia Shangazi akiwashukuru kwa kumsikiliza. Mwenyekiti aliuliza sauti ile ni ya nani. Shangazi alisimama kati yetu, akajibu kuwa ni yake, na kwamba hata kwa watu anasema ukweli. Mwenyekiti alijifunika mdomo kwa faili, lakini mabega yalimsaliti.

Tume iliamuru turudishwe dukani, na kila muuzaji aruhusiwe kutaja bei zake za kwingine. Jioni hiyo hiyo Mwenye Mlango alikata sentensi kwenye rekodi zake. Kwake sasa Shangazi anamaliza hadithi na kunakuwa kimya. Kwetu anaendelea.

Vita havijaisha, tusidanganyane. Theluthi bado inakatwa, huduma yake bado inatangulia yetu, maana amri ya tume kuhusu hayo mawili ameikatia rufaa, na jeshi la mawakili. Kesi inasikilizwa tena mwezi ujao na Shangazi ameshaniambia atakaa mstari wa mbele. Anasema zamani wangeweza kumtisha na kazi, sasa ni mstaafu, watamtisha na nini?

Shangazi, ahsante kwa kila ukurasa ulionirudisha mwanzo. Ahsante kwa kuogopa mbele yetu na kutorudi nyuma. Kiti chako kile kinacholialia ukikikalia, tumekubaliana hakipakwi mafuta, kiendelee kulalamika kwa niaba yako. Nenda ukapumzike, unywe chai isiyo na bangili, na maisha yawe mema kwako kuliko maisha yoyote uliyowahi kumsomea mtu. Ofisi nzima inakupenda, na mimi nitakukosa vibaya sana.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, ahsante sana. Sasa nikwambie. Vitabu vyake vyote ni nafuu zaidi ofisini kwetu na kwenye tovuti yetu. Ile nyongeza unayolipa kwenye simu, sisi haitufikii.