Bi Lorna Kratochvil, Aliyewafunza Madaktari wa Meno Kunyamaza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi Lorna Kratochvil atafunga ofisi yake mjini Lincoln, atakabidhi ufunguo na kurudi kwao Broken Bow. Katika muda huo chama chetu cha madaktari wa meno kimebadilisha marais thelathini na mmoja. Mtu wa kututetea mbele ya Bunge la Nebraska alikuwa mmoja tu, naye hajang'oa jino la mtu hata siku moja.

Alianzia mapokezi, katika kliniki ya Broken Bow. Huko alimpokea Orville Haas, mkulima wa mahindi, ambaye kampuni yake ya bima ilikuwa imemwandikia barua ya kukubali kugharimia daraja la meno manne, yaani meno ya bandia yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani yaliyochongwa. Kazi ikafanyika. Wiki sita baadaye ikaja barua ya pili: kampuni imeghairi. Bi Lorna ndiye aliyetumwa kumpa habari hiyo. Orville hakupiga kelele. Aliilaza ile barua ya kwanza juu ya kaunta, akauliza, "Binti, hii mliyonipa ilikuwa barua ya nini?"

Bi Lorna alitoa nakala za barua zote mbili, akazitia katika boksi la viatu, na alipoajiriwa na chama alikuja nalo Lincoln. Tangu siku hiyo hakuacha kulitafuta jibu la swali la Orville.

Tusidanganyane kuhusu ubaya wa jambo lenyewe. Kampuni inayosema ndiyo kabla jino halijachongwa, kisha ikasema hapana baada ya jino kuchongwa, haijakosea hesabu. Inajua kwamba jino lililochongwa halirudi lilivyokuwa, na kwamba mgonjwa hana pa kukimbilia. Kwa miaka yote hii mawakili wake wamekuja bungeni na suti nzuri kuuita ujanja huo "mapitio ya kawaida". Bi Lorna aliuita kwa jina lake, uongo, na akaandika muswada wenye sentensi moja ya maana: kibali kikishatolewa kwa maandishi, na kazi ikafanyika kama ilivyoidhinishwa, kampuni haiwezi kughairi. Ulifikishwa bungeni mara saba. Ulikufa mara sita.

Vifo vitano tuwaachie wale wenye suti. Cha sita kilitokana na mkono wetu wenyewe, na gazeti hili halitakificha.

Kila Februari huwa tunavaa makoti meupe na kwenda kuzungumza na maseneta. Tatizo letu ni la kikazi. Daktari wa meno hushinda siku nzima akizungumza na watu waliofungua midomo na wasioweza kumjibu. Baada ya miaka ishirini ya hali hiyo, huamini kwamba kila anayemtazama kimya amekubali. Miaka mitatu iliyopita, Dk. Arvid Lindquist wa Kearney alimnasa Seneta Royce Pokorny koridoni, nje ya chumba cha kamati. Pokorny ni mnadi wa ng'ombe, na kura yake ndiyo tuliyoihitaji. Dk. Lindquist alimweleza muswada kwa dakika kumi na moja. Seneta alijaribu kusema mara tatu. Kila alipofungua mdomo, Dk. Lindquist, kwa mazoea tu, alifurahi kwamba amefungua, akaendelea. Huko ndani kura zikapigwa bila Pokorny: nne, na zilitakiwa tano.

"Nilikuwa nataka kukwambia ndiyo, mwanaume wewe!" Pokorny alifoka mbele ya mlango uliofungwa. "Ndiyo! Neno moja tu! Sasa sitaki kumwona tena mtu wa koti jeupe."

Wengine wangemfukuza Dk. Lindquist. Bi Lorna alimpa kolache ya aprikoti, andazi laini lenye tunda katikati, aliyoioka mwenyewe. Dk. Lindquist alipolalamika kwamba ina sukari nyingi, alimwambia, "Kula tu, daktari. Ukiwa unatafuna angalau husemi."

Mwaka uliofuata alianzisha mazoezi ambayo chama kingine chochote kisingeyavumilia. Alituweka kwenye viti, akatutia zile pamba tunazowatia wagonjwa, moja kila shavu, kisha akajifanya seneta na kutuhutubia dakika tatu. Kanuni yake ilikuwa fupi: uliza swali moja, halafu nyamaza mpaka mwenzio amalize. Rais mmoja mstaafu wa chama alitoa pamba ili apinge. Akarudishiwa. Akatoa tena. "Mheshimiwa," Bi Lorna akamwambia, "usinilazimishe nikutafutie ganzi."

Mwaka huu muswada uliletwa mara ya saba na, kwa Bi Lorna, mara ya mwisho, ukavuka kamati na kufika ukumbini mbele ya maseneta wote. Wapinzani walikuwa wamepanga kuurefusha mjadala hadi muswada ufe, na kuwazima kulihitaji kura thelathini na tatu. Alasiri ile ya Aprili Bi Lorna alizihesabu mara nne. Alikuwa nazo thelathini na mbili. Aliyebaki ni Pokorny.

Akachukua kadi, akaandika swali moja, akampa tarishi aipeleke ndani: "Seneta, nyundo ya mnada ikishagonga, mwenye ng'ombe anaweza kughairi?" Halafu akamwita Dk. Lindquist aje asimame naye mbele ya milango ya vioo. Tulipiga kelele sote. "Aliyemuudhi ndiye atakayesimama hapa," alisema. Dk. Lindquist hakubisha. Alitoa pamba mfukoni, akajitia mwenyewe mashavuni.

Pokorny akatoka, kadi mkononi, uso umekunjamana. "Nani kaandika upuuzi huu? Nyundo ikigonga imegonga! Nikimruhusu mtu mmoja aghairi, kesho wilaya nzima hainiletei hata ndama."

Dk. Lindquist akampa zile barua mbili za Orville Haas. Seneta akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza. Akangoja aelezwe. Hakuelezwa.

"Hawa waligonga nyundo," alisema taratibu, "halafu wakamrudisha ng'ombe akiwa ameshachinjwa." Akamgeukia Dk. Lindquist. "Na wewe leo vipi, umemeza ulimi?"

Dk. Lindquist alifungua mdomo, wazi kabisa, akamwonyesha pamba zote mbili. Pokorny alicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akarudi ndani akifuta machozi. Kura thelathini na tatu.

Gavana alipotia sahihi, Bi Lorna hakungoja picha. Aliendesha gari hadi Broken Bow, kwenye nyumba ya wazee, akamwekea Orville Haas nakala ya sheria mapajani. Orville ana miaka themanini na minane. Aliisoma yote, akatabasamu kwa ufizi mtupu. "Umechelewa kidogo, binti," akasema. "Meno yenyewe yalishaondoka." Kisha akaikunja na kuitia mfuko wa shati. "Lakini hii ni barua."

Wapo watakaosema ni sheria ya sentensi moja tu. Waambieni wakajaribu kupitisha ya nusu sentensi.

Bi Lorna, asante kwa boksi la viatu, kwa kolache, na kwa kutuheshimu kiasi cha kutuziba midomo. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na simu isilie kabla ya saa nne asubuhi. Katika hafla ya kukuaga Ijumaa hakutakuwa na hotuba zetu. Kila mgeni atakuta pamba mbili kando ya sahani yake, na Dk. Lindquist ameahidi kuanza. Tutaketi, tutajitia pamba, tutakutazama. Sema wewe, mpaka umalize.