Siku Shangazi Alipotia Mikono Mfukoni

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya chuo chetu cha reli, fundi umeme wetu anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Hapa chuoni haitwi ila Shangazi. Jina hilo lililetwa na mtoto wa kaka yake aliyesomea hapa. Kijana alihitimu akaenda zake, jina likabaki.

Aliajiriwa kufunga taa za mabweni. Baadaye akakabidhiwa ile reli ndogo ya ukumbini, meza ndefu yenye vitreni ambavyo asiyejua huviona vya kuchezea, kumbe waongoza treni wote hujifunzia hapo kabla ya kupewa treni ya kweli. Swichi za kubadilishia njia zilikuwa nusu mfu. Akaingia chini ya meza, tochi mdomoni, akabadilisha nyaya zote, na tangu siku hiyo mgeni akimuulizia Shangazi huonyeshwa viatu tu.

Ana pua huyu. Swichi ikitaka kuungua, huinusa kabla ya moshi. Kuna mahafali aliyoyasimamisha kwa sababu ya harufu hiyo, mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba. Kilichokuwa kinaungua ni kipaza sauti. Hotuba iliishia hapo na hakuna aliyelalamika.

Lakini tuseme ukweli, mwenzetu alikuwa mchoyo wa swichi zake. Ukisogeza mkono, unachapwa. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mwaka jana uongozi ukatangaza kwamba akiondoka, meza itavunjwa, maana hakuna mwingine anayeijua. Ilimuuma sana. Mchana ule hakugusa chakula. Kesho yake alitandika gunia chini ya meza, akatuita mmoja mmoja tuingie. Tukiunguza vidole wakati wa kulehemu, alicheka kwanza, pole ikaja baadaye.

Ijumaa iliyopita uongozi ulikuja kujionea kama meza tunaiweza, kabla ya uamuzi wa mwisho. Treni ikaondoka vizuri, ikafika penye njia panda, swichi ikagoma, mabehewa yakalala ubavu. Sote tukamgeukia Shangazi. Akatia mikono mfukoni. Tuliokuwa karibu tuliona vidole vikihangaika ndani ya koti, na tulimwonea huruma. Fundi bomba wetu, ambaye zamani aliogopa hata kubadilisha balbu, ndiye aliyeingia chini. Akaupata waya uliochomoka, akaulehemu, akatoka na vumbi usoni. Treni ikapita. Meza haivunjwi tena.

Shangazi, asante kwa kazi, kwa ukali wako, na hata kwa yale makofi. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasikivu na usingizi usio na harufu ya waya. Na mikono ikikuwasha, karibu. Gunia lako hatujalitandua.